Simu inakatika sekunde ya ngapi? Kutatua simu za intaneti zilizokwama nyuma ya ruta

Dereva alikuwa kwenye mizani ya Mariakani akisoma nambari ya kontena. Salamu zikapita, herufi nne zikapita, tarakimu tatu zikapita, ya nne ikabaki hewani. Akapiga tena. Salamu, herufi, tarakimu, kimya. Mara ya tatu binti wa mapokezi aliruka salamu zote na bado akabakiwa na nambari nusu kwenye karatasi. "Fundi, simu hii ina jini," akaniambia, wala hakuwa anacheka.

Nikamwomba dereva apige mara mbili zaidi huku nikitazama saa ya mkononi. Sekunde 32. Tena 32. Jini hakati simu kwa kutazama saa.

Ilikuwa ofisi ya wakala wa forodha, Moi Avenue, ghorofa ya pili: simu nane za mezani na seva ndogo ya Asterisk, programu inayoendesha simu za ofisi, iliyofichwa ndani ya kabati la faili. Kwa wiki mbili walikuwa wamebadilisha ruta mara mbili na kununua simu mpya moja. Kila kitu kilikuwa kimeguswa, ila sekunde tu ndizo hazikuhesabiwa.

Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa saa. Simu ya intaneti ikigombana na ruta huharibika kwa wakati wake maalumu: papo hapo, baada ya nusu dakika, baada ya robo saa, au ikikaa dakika chache bila kutumika. Kila wakati una mkosaji wake, na ukimjua huna haja ya kununua kitu.

## Barua ya kutoka bwenini

Neno moja kabla hatujaingia. Vitabu vingine huita mlango wa mtandao "bandari". Hapa Mombasa ukimwambia mtu afungue bandari nambari 5060 atakuuliza wewe ni nani serikalini. Mimi nitasema poti.

Ruta ya ofisi ina anwani moja ya nje. Vyombo vya ndani vina anwani za kujipa zinazoanza na 192.168, au 10, au 172.16 hadi 172.31. Anwani hizi zilitengwa kwa matumizi ya ndani, na intaneti haizipeleki popote. Pakiti ikitoka, ruta hufuta anwani ya ndani ya mtumaji, huweka ya nje, na kuandika kwenye daftari lake nani katoka kwa poti gani ili jibu likirudi ijue la nani. Kazi hiyo ndiyo NAT. Kurasa za intaneti zinaishi nayo raha mustarehe. Simu haziishi nayo vizuri, na sababu ni hii.

Mfikirie mwanafunzi wa shule ya bweni anayeandika barua nyumbani: "Nijibuni Bweni la Tatu, kitanda cha 12." Karani wa shule anaitia kwenye bahasha na nyuma anaandika sanduku la posta la shule. Bahasha iko sawa. Lakini baba akijibu kwa anwani aliyoisoma ndani ya barua, posta haijui kitanda cha 12 kiko wapi.

SIP, lugha inayotumiwa na simu za intaneti kupanga mazungumzo, ni barua ya namna hiyo. Simu huandika anwani yake ndani ya ujumbe, tena si mahali pamoja. Kuna mstari wa Contact, unaosema "ujumbe mwingine nitumieni hapa". Kuna mstari unaoanza na `c=`, unaosema "sauti ileteni hapa". Ruta hurekebisha bahasha, barua haiifungui. Juu ya hayo, sauti yenyewe haipiti njia ya ujumbe. SIP kwa kawaida hutumia poti 5060, lakini sauti huenda kwa RTP, lugha ya kubeba sauti, kwenye poti nyingine kabisa, na kwenye Asterisk huwa ni kati ya 10000 na 20000. Ndiyo maana simu inaweza kuita vizuri, kupokewa vizuri, na isiwe na sauti.

Contact na `c=`. Shika hayo mawili, tutayarudia.

## Kabla hujagusa kitu

Muulize mwenye simu mambo matatu: inakatika baada ya muda gani, ni simu za kuingia au za kutoka, na ni nani asiyesikia, aliye ndani au aliye nje. Usikubali jibu la "inasumbua tu". Kaa naye, mpige, ahesabu.

Halafu ingia kwenye seva, fungua `sngrep`, na utazame ujumbe unavyokwenda na kurudi. Programu hii ni ya bure na inachora kila simu kwa mishale, nani kamtumia nani nini. Bonyeza ujumbe wa INVITE, yaani wito wa kupiga, usome Contact na `c=`. Ukiona 192.168 kwenye ujumbe unaotoka kwenda kwa mtoa laini, kampuni inayokupa nambari ya simu, nusu ya kazi umeimaliza hata chai haijapoa. Kwa upande wa sauti, ingia kwenye Asterisk uandike `rtp set debug on` uone kama pakiti zinaingia, zinatoka, au zinakwenda upande mmoja. Kama seva ina FreePBX, kurasa za kuisimamia Asterisk kwa kivinjari, piga *43 kutoka simu yenye tatizo. Hiyo ni huduma ya mwangwi, ukisema nayo inakurudishia sauti yako. Ukijisikia, njia kati ya simu na seva ni nzima, na shida iko mbele zaidi.

## Inaita, inapokewa, kisha kimya

Hili ndilo lalamiko nambari moja, na jibu lake limo kwenye nani asiyesikia.

Aliye nje anakusikia lakini wewe humsikii: sauti yako inatoka, yake haiingii. Karibu kila mara seva yako imeandika anwani ya ndani kwenye `c=`, na upande wa pili unatuma sauti kitandani namba 12. Iambie seva anwani yake ya nje, na uitajie mtandao wa ndani ili isichanganye mambo. Kwenye Asterisk inayotumia PJSIP (moduli yake ya kuongea SIP) sehemu yenyewe ni hii:

```
[transport-udp]
type=transport
protocol=udp
bind=0.0.0.0
local_net=192.168.0.0/24
external_media_address=203.0.113.10
external_signaling_address=203.0.113.10
```

Anwani hizo ni za mfano, weka zako. Na kuna mtego hapa ulionipotezea mchana mzima siku moja: mabadiliko kwenye sehemu ya `transport` kwa kawaida hayashiki kwa kupakia mipangilio upya. Lazima Asterisk yenyewe izimwe na kuwashwa. Nilikuwa nimeandika sahihi tangu saa nne asubuhi, nikahangaika hadi alasiri nikidhani nimekosea. Wanaotumia FreePBX wana ukurasa wa mipangilio ya SIP wenye kitufe cha kuitambua anwani ya nje na mtandao wa ndani. Bonyeza, lakini usome ilichoandika kabla hujahifadhi.

Kinyume chake ni mfanyakazi aliye nyumbani Bamburi mwenye simu iliyosajiliwa kwenye seva ya ofisi. Wewe ofisini unamsikia, yeye hakusikii. Hapa barua yenye anwani mbovu ni yake. Simu yake iko nyuma ya ruta ya nyumbani na imeiambia seva ilete sauti 192.168 fulani. Huna haja ya kwenda Bamburi. Iambie seva ipuuze alichoandika na irudishe sauti kule inakotoka kweli. Kwenye mipangilio ya simu ile weka `rtp_symmetric=yes`, `force_rport=yes` na `rewrite_contact=yes`.

Kama hakuna anayemsikia mwenzake, au sauti inasikika kwa sekunde moja halafu inazima, angalia `direct_media`. Ikiwa imewashwa, seva huziunganisha simu mbili kisha hujitoa katikati na kuziambia zitumiane sauti zenyewe. Zikiwa ndani ya jengo moja ni jambo zuri. Zikiwa nyuma ya ruta mbili tofauti, kila moja inampigia mwenzake kelele ukutani. Weka `direct_media=no`.

Likibaki tatizo baada ya hayo, ni faiawoli inayozuia poti za RTP. Tazama ya ruta na ya seva yenyewe pia, maana mafundi wengi tunaisahau ile ya pili.

## Inakatika sekunde ya 32

Turudi Mariakani. Sauti ya dereva ilikuwa safi pande zote mbili, ndiyo maana hakuna aliyeshuku ruta.

Mtu akipokea simu, upande wake hutuma ujumbe wa 200 OK, yaani "nimepokea". Upande uliopiga lazima ujibu ACK, yaani "sawa, nimeona". ACK hiyo hutumwa kwenye anwani iliyo kwenye Contact. Seva ya ofisi ile iliandika 192.168.0.10, kwa hiyo ACK za mtoa laini zilikuwa zinapotelea njiani. Seva, isipoona ACK, inarudia 200 OK: baada ya nusu sekunde, sekunde moja, mbili, nne, nne, nne. Sheria za SIP, RFC 3261 ya mwaka 2002, zinahesabu nusu sekunde mara 64. Zidisha mwenyewe, ni 32. Muda huo ukiisha seva inasema huyu hayupo, na inakata. Huku nyuma dereva anaongea kwa sauti inayosikika vizuri kabisa.

Kwenye `sngrep` utaiona wazi: mishale ya 200 OK imepangana kama ngazi, na hakuna hata ACK moja inayorudi. Wakati wote walipokuwa wananunua vifaa, dawa ilikuwa ni mstari ule wa `external_signaling_address`. Ofisi ile ilikuwa na mstari wa sauti tu, wa ujumbe haukuwapo. Aliyefunga alisikia sauti, akaona kazi imekwisha, akaenda zake.

Kama mstari huo uko sahihi na bado inakatika palepale, mshuku ruta inayojitia ujuzi. Tutafika kwake.

## Inakatika dakika ya 15, au karibu na 30

Huyu ni ndugu yake wa 32. Simu nyingi huwa na kipima muda cha kuhakikisha mazungumzo bado yapo. Muda wa kawaida ni sekunde 1,800, na katikati yake, sekunde ya 900, upande mmoja hutuma ujumbe wa kuulizia "bado upo?" Ujumbe huo ukitumwa kwenye Contact mbovu haupokewi na simu inakufa muda mfupi baada ya robo saa. Upande mwingine ukiwa ndio unaosubiri ulizio lisilokuja, inakatika karibu na nusu saa. Kujaribu tu, zima kipima muda kwa `timers=no`. Simu isipokatika tena umempata mkosaji, sasa rudi urekebishe Contact. Kuzima peke yake si dawa, simu zilizokufa zitabaki zikihesabiwa kuwa hai kwenye seva.

## Kupiga inapiga, kupigiwa haiiti

Mwenye duka anasema: asubuhi nikiwasha inaita, baadaye watu wananiambia sipatikani, lakini mimi nikipiga inatoka.

Kumbuka daftari la ruta. Mawasiliano ya aina ya UDP, yaani ya kutuma bila kungoja risiti, yakikaa kimya, ruta hufuta mstari wake, nyingine baada ya sekunde 30 tu. Simu kwa upande wake imejisajili kwa saa nzima, sekunde 3,600, na inalala. Seva inadhani simu iko pale. Inapotuma wito, ruta inatazama daftari, haioni jina, inatupa. Ukipiga wewe, mstari unaandikwa upya, na kwa dakika moja au mbili unapatikana.

Hakikisha hivi: piga simu ya kutoka, kata, kisha upigiwe mara moja. Itaita. Ngoja dakika tano bila kugusa, upigiwe tena. Isipoita ndiyo hiyo. Iambie simu itume pakiti ndogo ya kuweka njia wazi kila sekunde 20 au 25, karibu kila simu ya mezani ina sehemu hiyo. Upande wa seva `qualify_frequency=25` inafanya kazi ileile. Punguza pia muda wa usajili hadi sekunde 120.

## Ruta inayojitia ujuzi

Watengenezaji wa ruta walijua habari za barua ya bweni, wakaamua ruta ifungue barua na kurekebisha anwani za ndani yenyewe. Huduma hiyo inaitwa SIP ALG, na kwenye ruta nyingi huja ikiwa imewashwa. Wazo si baya. Utekelezaji ndio balaa: inarekebisha mstari mmoja na kuacha mwingine, au inaharibu kile ambacho seva ilikwisha kukiandika sahihi. Dalili zake hazina mpangilio. Simu moja inasajiliwa, ya pili inakataa. Leo sauti ipo, kesho haipo. Ukiona ujumbe uliotoka kwenye simu si ule uliofika kwenye seva, tena umebadilika mahali ambapo hukugusa, ni yeye.

Izime. Kwenye ruta za MikroTik ni amri moja, `/ip firewall service-port disable sip`. Kwenye ruta za kupewa na mtoa intaneti kitufe huwa kimefichwa chini ya usalama au NAT, na wakati mwingine hakipo kabisa. Hapo hamisha SIP iende kwa TLS poti 5061: barua ikifungwa kwa lakiri, ruta haiwezi kuisoma wala kuiharibu. Mimi siku hizi naizima kabla hata sijafungua boksi la simu.

## Anwani ya nje ambayo si yako

Fungua ukurasa wa ruta, soma anwani yake ya upande wa intaneti. Linganisha na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kukutajia anwani yako. Zikitofautiana, kuna ruta nyingine mbele yako.

Huenda ni yako mwenyewe: mtu kachomeka ruta mpya nyuma ya ile ya zamani, na sasa barua inapita kwa makarani wawili. Weka moja iwe daraja tu. Lakini kama anwani iko kati ya 100.64 na 100.127, uko ndani ya NAT ya mtoa intaneti, na wateja wengi mnatumia anwani moja ya nje. Ruta za laini za simu za 4G mara nyingi ziko hivi. Hapo kufungua poti kwenye ruta yako ni kufungua dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Njia ni tatu. Lipia anwani ya umma, ukipewa. Au weka seva ya simu nje, kwenye mashine ya kukodi yenye anwani ya umma, ili vyombo vya ofisi viwe vinatoka tu. Au chimba njia ya WireGuard, handaki lililofungwa kwa siri, kutoka ofisini hadi mashine ya nje, na uweke `PersistentKeepalive = 25` isije ikasinzia. Ya pili ndiyo ninayoipendelea kwa ofisi ndogo, kwa sababu stima ikipotea ofisini seva haijui.

Mteja atakuuliza tu: "Mbona WhatsApp inapiga vizuri kwa intaneti hiihii?" Swali la haki. Programu za namna hiyo hujaribu njia kadhaa kwa wakati mmoja, na zikikosa njia ya moja kwa moja sauti hupitishwa kwenye seva yao iliyoko katikati. Simu ya mezani ya SIP haina mtu wa katikati mpaka wewe umwekee. STUN, kwenye poti 3478, inaisaidia simu kujua anwani yake ya nje, ila kuna ruta zinazotoa poti tofauti kwa kila anayeongea naye, na kwa hizo STUN haifui dafu. TURN ndiyo inayobeba sauti yenyewe.

## Kwenye feri inapiga, ofisini haipigi

Meneja ana programu ya simu kwenye simu yake ya mkononi. Akiwa kwenye feri ya Likoni kwa bando lake inafanya kazi. Akiingia ofisini na kushika waifai, inakufa. Programu imeandikiwa jina la nje la seva, kwa hiyo pakiti inakwenda hadi mlangoni ikitaka kutoka na kuingia papo hapo, na ruta nyingi hazijui kugeuza namna hiyo. Fanya jina lile, ukiwa ndani, litoe anwani ya ndani ya seva. Rekodi moja ya DNS kwenye ruta inatosha.

## Stima ilipotea, ikarudi, simu hazikurudi

Ruta ikiwaka inaweza kupewa anwani mpya, na yako ya zamani bado imeandikwa kwenye faili. Dalili ni ukimya uleule wa upande mmoja, asubuhi baada ya giza la usiku. Kama hutaki kuamka kwa ajili ya hilo, lipia anwani isiyobadilika.

Ofisi zenye intaneti mbili zina kasoro nyingine tamu. Laini ya kwanza ikikatika trafiki inahamia ya pili, lakini mstari wa poti 5060 kwenye daftari bado unasema njia ya zamani. Na kwa kuwa simu inatuma pakiti kila baada ya sekunde 25, mstari ule haufi. Unaweza kusubiri siku nzima. Futa mistari ya 5060 kwenye ruta na usajili unarudi palepale.

## Simu moja inakataa kupiga, nyingine sawa

Bonyeza kupiga, hakuna kitu, hata kosa halitokei. Soma ukubwa wa INVITE. Simu yenye kodeki kumi (namna za kufunga sauti) na video juu yake huandika ujumbe mrefu unaozidi pakiti moja, unakatwa vipande, na kipande cha pili kinatupwa na ruta. Baki na kodeki mbili tatu, au tumia TCP. Sheria zenyewe zinataka njia kama TCP ujumbe ukizidi baiti 1,300 na ukubwa wa pakiti unaopita njiani haujulikani.

## Sauti ya roboti si kosa la NAT

Ikiwa sauti ipo pande zote ila inakatakata, acha NAT na anwani zake. Simu moja ya kodeki ya G.711 hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo simu nane hazifiki hata megabiti moja. Kifurushi kikubwa zaidi hakitakusaidia. Kinachoharibu ni foleni: mtu akipakia nyaraka za mzigo, sauti inasubiri nyuma ya mafaili. Ipe sauti kipaumbele kwenye ruta.

Mji wa Kale una jambo lake. Kuta za matumbawe na chokaa za Kibokoni zilijengwa kuzuia joto, na zinazuia waifai kwa bidii ileile. Vuta waya. Na waya ukiwapo, chomoa uutazame, hewa ya chumvi hula kichwa chake mpaka shaba inakuwa kijani.

Ucheleweshaji nao ni umbali. Kebo za SEACOM na TEAMS zilitua hapahapa Mombasa mwaka 2009, lakini kama seva ya mtoa laini iko London, mtu wa Tudor akimpigia wa Ganjoni sauti inakwenda Ulaya na kurudi. Kila kilomita 1,000 za kebo ni takriban milisekunde 5, na zikizidi 150 kwa upande mmoja watu wanaanza kuingiliana maneno. Tafuta seva iliyo karibu.

## Poti zilizoachwa wazi

Fundi aliyechoka huelekeza poti zote kwa seva na kwenda kulala. Poti 5060 ikiwa wazi kwa dunia nzima hugunduliwa haraka na mashine zinazojaribu nywila usiku kucha. Niliwahi kuitwa Jumatatu kwa mtu aliyekuta simu za nchi za mbali zimepigwa wikendi nzima kwa nambari yake, na bili ilikuwa yake. Ruhusu anwani za mtoa laini pekee, weka nywila ndefu kwa kila simu, na zuia simu za nje ya nchi kama hamzihitaji. Wafanyakazi wa nje waingie kwa WireGuard.

## Kujaribu kabla hujadai pesa

Simu ya kuingia, hesabu sekunde 40. Simu ya kutoka, hesabu 40. Kaa dakika tano bila kugusa, upigiwe. Zima ruta na seva kwenye soketi, washa, rudia yote. Halafu simu moja ya dakika 16, na moja ya 31 kama mteja ana subira. Hizi ndefu huwa naziweka mezani mkono wa simu ukitazama redio, nikaenda kunywa chai.

Pale Moi Avenue tulimpigia dereva yule, akiwa bado kwenye foleni ya mizani, na kumwomba apige kwa mara ya mwisho. Binti aliandika herufi nne na tarakimu saba, akamsomea ili ahakikishe, akamuuliza habari za watoto, na saa yangu ilikuwa imefika dakika mbili na nusu.